Nyumba Isiyowashwa Moto

Alhamisi iliyopita, kabla sijamaliza kufua, Rajabu, ninayemwita Mjomba kwa heshima tu, alinipigia simu akaniambia kwamba mama yake, Bibi Mwamvita, ametutoka alfajiri, usingizini, katika chumba chake kile kile cha Ujiji. Nilimpa pole, nikaziacha nguo kwenye beseni, nikaenda soko la Mwanga kununua migebuka. Sikulia. Nilichagua samaki kwa muda mrefu mno, nikitaka wote wawe na urefu mmoja, mpaka mama muuzaji akaniuliza, “Dada, unawapanga mstari waende shule?” Nikacheka, na kicheko ndicho kilichofungua machozi. Nimekuwa hivyo tangu zamani. Napanga, napima, narudia, naogopa kukosea, na katikati ya kupanga huko naweza nisimwone kabisa mtu aliye mbele yangu. Bibi Mwamvita ndiye aliyenipunguzia ugonjwa huo, lakini kabla ya kunipunguzia, nusura afe kwa njaa mikononi mwangu. Habari hii sijawahi kuiandika. Naiandika sasa kwa kuwa sikuwahi kumshukuru kwa maneno yaliyonyooka.

Nilikuwa na miaka ishirini, mgeni kutoka Kasulu, sina cheti cha kazi yoyote. Rajabu alikuwa fundi umeme Dar es Salaam, mtoto pekee wa Bibi, na alitafuta msichana wa kukaa na mama yake kwa sababu kumbukumbu za mama zilikuwa zimeanza kupotea. Aliniuliza kwenye simu kama nimewahi kumtunza mzee. Nikajibu ndiyo. Huo ulikuwa uongo. Nilichokuwa nacho ni video nilizotazama kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, nikizisimamisha kila baada ya maneno machache ili ninakili, na kipeperushi kimoja nilichokiokota kwenye benchi la zahanati. Nilinunua kauntabuku, nikachora safu kwa rula: usingizi, choo, maji, dawa, chakula kwa idadi ya vijiko. Ukurasa wa kwanza niliandika kanuni zangu, na ya kwanza kabisa, niliyoipigia mistari miwili, ilikuwa hii: Usimdanganye mzee. Niliamini kwamba ukweli ndiyo heshima. Labda niliishika kanuni hiyo kwa nguvu kwa sababu kazi yenyewe nilikuwa nimeipata kwa uongo.

Nyumba ilikuwa ya zamani, kuta nene za tope zilizopakwa chokaa, bati lenye kutu, na ukumbi mrefu uliopita katikati kutoka barazani mpaka uani. Hewa ya ziwa iliingia mlango wa mbele ikatokea wa nyuma, na humo njiani mwa upepo ndimo Bibi alimotandikiwa mkeka wake kila asubuhi. Ukikaa hapo ulisikia harufu ya mawese, na ya dagaa walioanikwa kwa jirani, na ukiinua shingo uliona kipande kidogo cha ziwa kati ya nyumba mbili, hakizidi upana wa kanga. Uani kulikuwa na mafiga matatu meusi. Mkononi Bibi alivaa bangili moja ya fedha ambayo, alivyosema, ilikuwa haijavuka kifundo cha mkono tangu aolewe.

“Shikamoo, Bibi,” nilimwamkia.

“Marahaba. Mwakeye, Muha wangu.” “Mwakeye” ni salamu yetu Waha ya asubuhi; Kiha chake kilikuwa cha sokoni, alikiokota kwa kinamama waliomletea muhogo enzi zake za kuuza unga. Kisha alikuwa akinikonyeza. “Umelalaje, mke mwenzangu? Mume wetu hakukusumbua?”

Siku ya kwanza niliposikia hivyo nilipiga magoti nikamwambia kwa upole kwamba Babu alishafariki.

“Najua amekufa! Amefia mikononi mwangu. Nyie Kasulu hamna utani?”

Nilipaswa kujifunza hapo hapo. Sikujifunza. Nilikwenda kuandika kwenye daftari: Anakumbuka kifo cha mume. Ndivyo nilivyokuwa, na sikuwa peke yangu. Wageni walipokuja kumjulia hali, walisimama juu yake wakaniuliza mimi: “Anakula? Analala? Anajisaidia vizuri?” Nami nilisoma majibu kutoka daftarini kama karani, mpaka siku moja Bibi akasema kutoka chini mkekani, “Niulizeni mimi. Mdomo wangu haujahama.”

Jambo lililokuja kutuumiza lilianza asubuhi za siku fulani, jua lilipofika kwenye kizingiti. Bibi aliutazama mlango, akauliza, “Mwajuma amefika?” Mwajuma alikuwa dada yake mkubwa. Alifanya biashara ya mawese kwa boti, akienda na kurudi Kagunga, kule juu ziwani karibu na Burundi. Rajabu alinieleza kwamba aliugua huko akafa, yeye Rajabu akiwa bado mtoto, na habari ilifika Ujiji siku tatu baadaye, dada akiwa ameshazikwa. Kwa hiyo Bibi alikuwa amemuaga mumewe, lakini dada yake hakumuaga. Mara ya kwanza aliponiuliza nilifanya kama video ilivyonifundisha. Nilichuchumaa tuwe sawa kwa urefu, nikamshika mikono miwili, nikamtazama machoni, nikasema kwa sauti iliyo wazi, “Bibi, dada yako Mwajuma alifariki zamani. Pole sana.” Nilijiona nimefanya vizuri.

“Inna lillahi wa inna ilayhi raji’un,” alisema. Alivuta kanga akajifunika kichwa, akasogea kutoka katikati ya mkeka mpaka ukutani, na kwa sauti ya chini akaniambia, “Zima moto, mwanangu.”

Maharage yalikuwa jikoni. Nikadhani moshi unamsumbua. Niliandika: Anaogopa moto. Kesho yake nikayahamisha mafiga mpaka pembe ya mwisho ya ua. Juma lililofuata nikaleta jiko la mkaa, ambalo halina moshi. Kisha nikawa nafunga mlango wa uani wakati wa kupika. Kila nilipoboresha, hakula. “Bibi, onja kidogo.” “Hapana, mwanangu. Leo hapana.” “Kwa nini leo?” Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini watu huvaa nguo. Jioni alikuwa ameshasahau habari yenyewe, lakini uzito wake ulibaki kifuani. Alikunywa chai nusu kikombe akalala. Siku ambazo hakuuliza alikula vijiko sita, nane, hata kumi, nami niliviandika vyote kwa mwandiko mzuri. Leo nikilifungua daftari lile naona kosa langu waziwazi. Lilikuwa na safu ya kila alichofanya yeye. Halikuwa na safu ya nilichosema mimi.

Bangili ikaanza kupanda. Mwezi wa kwanza ilivuka kifundo. Mwezi wa tatu Rajabu alipiga simu ya video, akasema, “Mama, nipungie mkono,” na Bibi alipoinua mkono bangili ikateleza mpaka kiwikoni. Rajabu aliniambia nisogee pembeni na simu. “Yustina, nakuja mwisho wa mwezi ujao. Nikimkuta hivi, namchukua. Siwezi kumwacha mama yangu aishe nikitazama kwenye simu.” Kwake kulikuwa na vyumba viwili, ghorofa ya nne, na yeye mwenyewe alishinda kazini. Bibi alikuwa na masikio mabovu kwa kila kitu isipokuwa habari zake mwenyewe. “Mimi nisitoke hapa,” alisema niliporudi. Alikuwa ameshika ukingo wa mkeka kwa vidole vyote. “Mwajuma akija atanikuta wapi?” Nilifungua mdomo kumsahihisha. Sikumsahihisha, lakini nisijisifu: ilikuwa uchovu tu.

Aliyetuokoa ni jirani, Mama Zena, mwanika dagaa, mwanamke mwenye mikono mipana na maneno makali. Alisikia kwamba Bibi hali chakula, basi mchana mmoja akaingia na sinia limefunikwa kwa kawa, kifuniko cha ukindu: ugali wa muhogo na migebuka ya mawese. Asubuhi hiyo Bibi alikuwa ameuliza, nami nilikuwa nimejibu kama kawaida yangu. Alikuwa ukutani na kanga yake kichwani. Akainua kawa kidogo. “Kimetoka wapi?”

“Kwangu, Bibi. Karibu.”

Akaomba maji ya kunawa. Akala. Akala mpaka akalamba vidole, akashukuru Mungu, akamwombea Mama Zena na watoto wake. Nilitoka uani nikalia kwa wivu. Nilitamani, Mungu anisamehe, atapike hata kidogo, ili isiwe chakula changu peke yake ndicho kibaya. Siku ya pili nilikuwa jikoni kwa Mama Zena na daftari, nikipima.

“Chumvi unaipima kwa kijiko?” aliniuliza. “Mawese nayo utayapima joto kama mgonjwa?”

Nilipika nyumbani vilevile, samaki wale wale, mawese yale yale ya chupa yake. Bibi alikitazama chakula, akanitazama mimi. “Zima moto, mwanangu.” Nilirudi kwa Mama Zena nikamuuliza, kwa hasira niliyoiita adabu, kuna kitu gani anachotia asichonionyesha. “Dawa ya mapenzi,” alijibu. “Nimeinunua ya Bibi, yako imekwisha.” Kisha akaacha kucheka. “Kesho nitakuja mapema, nikae nione.”

Alikuja na ungo wa dagaa, akakaa kizingitini akichambua. Jua likafika. “Mwajuma amefika?” Nikachuchumaa, nikashika mikono, nikatazama macho, nikasema maneno yangu. Bibi akavuta kanga. Nyuma yangu nikasikia ungo unaanguka. Mama Zena alinishika kiwiko akanipeleka uani, dagaa wakiwa wametapakaa sakafuni.

“We binti, umemfanya nini yule?”

“Nimemwambia ukweli.”

“Kila siku?”

“Kila anapouliza.”

“Ya Rabi. Na yeye kila siku amefiwa leo.” Alinitazama kwa makini, kama anatafuta pa kuanzia. “Nyie kwenu mkifiwa mnafanyaje na chakula?”

“Tunawasha moto mkubwa uani. Majirani wanakuja kupika hapo hapo.”

“Haya. Huyu ni mtu wa Ujiji ya zamani. Siku hizi hata hapa watu wanapika msibani kama harusini, lakini yeye hajafika siku hizi. Kwao nyumba iliyofiwa haiwashwi moto. Jiko linapoa. Chakula kinatoka kwa majirani, kimefunikwa. Anakwambia zima moto, wewe unaongeza kuni! Asubuhi unamletea kifo cha dada yake, mchana unampa chakula kilichopikwa juu ya msiba wake. Angekulaje?” Akaanza kucheka, na katikati ya kicheko akajifuta macho kwa upindo wa kanga.

Nilikaa chini kwenye vumbi. Nilifungua daftari nikahesabu siku ambazo safu ya chakula ilikuwa na sifuri. Zilikuwa ishirini na sita. Angalau mara ishirini na sita nilikuwa nimepiga magoti mbele ya mwanamke huyu nikamfikishia habari ya kifo cha dada yake, na mara zote yeye aliipokea upya, akafanya yote anayopaswa kufanya mfiwa mwenye heshima zake, na mtu pekee katika nyumba ile asiyefuata ada alikuwa mimi. Sijawahi kuona aibu kama ile. Na bado, ndivyo nilivyo, nilibishana.

“Kwa hiyo nimdanganye?”

“Nani kasema umdanganye? Muulize.”

“Nimuulize nini?”

“Mtu anakutajia mpendwa wake, wewe hujui la kumuuliza? Huko kwenye simu hawasemi?”

Siku ile msiba ulikuwa umeshaingia, haukuweza kurudishwa. Nikaenda jikoni, nikauacha wazi mlango wa uani niliokuwa nikiufunga kwa majuma, nikaumwagia maji moto wangu wakati Bibi akiona. Mvuke ulipanda. “Ahsante, mwanangu,” alisema, kwa namna ya mtu ambaye hatimaye ameeleweka. Nilikwenda kupikia kwa Mama Zena, na Mama Zena ndiye aliyebeba sinia, akaliweka mbele yake, akasema, “Pole kwa msiba, Bibi.” “Tumeshapoa, mama,” akajibu, akanawa. Nilikuwa nimejiandaa kuona kwamba tunaigiza. Lakini hakuna neno la uongo lililosemwa pale. Dada alikuwa amekufa kweli. Pole ilikuwa ya kweli. Ilikuwa imechelewa miaka mingi tu.

Asubuhi iliyofuata jua likafika kizingitini.

“Mwajuma amefika?”

“Sijamwona, Bibi.” Huo nao ulikuwa ukweli. “Anapenda kupikiwa nini?”

Uso wake ulifunguka kama dirisha. “Migebuka! Ya mawese. Na usitie nyanya. Mwajuma hapendi nyanya, anasema zinamharibia mawese yake.” Alitaka nikae. Nikakaa mkekani, si kuchuchumaa kwa kitaalamu, nikakaa kwa makalio yangu. Alinieleza jinsi dada yake alivyorudi kutoka Kagunga miguu imevimba kwa kukaa kwenye boti, na yeye akimkanda kwa mawese ya moto, jinsi alivyokuwa na kicheko ambacho mabaharia walikijua kabla boti haijatia nanga, jinsi alivyomkataa mchumba tajiri kwa kuwa alitafuna mdomo wazi. Maharage yakaungua. Kwa mara ya kwanza maishani niliacha kitu kiungue nikijua. Mchana tulikula migebuka iliyopikwa kwenye mafiga yetu, bila nyanya, tukichota sinia moja, naye akanimegea kichwa cha samaki. Sikuhesabu vijiko, tulikula kwa mikono.

Si kwamba alisahau moja kwa moja. Siku nyingine, katikati ya kusimulia, alipapasa mkeka, akasema mwenyewe, “Alikufa Mwajuma, unajua?”

“Najua, Bibi.”

“Alikuwa mzuri.”

“Niambie tena habari ya yule mchumba.”

Na siku hizo hakuniambia nizime moto. Ukweli ulikuwa wake tangu mwanzo. Aliufikia kwa miguu yake mwenyewe, na alipoufikia alihitaji tu mtu wa kukaa naye hapo.

Rajabu alikuja mwisho wa mwezi, kama alivyosema. Bangili ilikuwa imeshuka, lakini haijafika kifundoni. Ilikuwa katikati ya mkono, na hiyo ndiyo sababu sikulala vizuri. Nilimpa chai barazani na daftari. Nilimwambia yote: zile siku ishirini na sita, na mafiga, na kwamba sikuwahi kumtunza mzee yeyote kabla ya mama yake. Alisoma kurasa zote, hata zile za choo.

“Mimi ulinidanganya,” alisema mwishowe.

“Ndiyo, Mjomba.”

“Na mama yangu ukamwambia ukweli.”

“Ndiyo, Mjomba.”

“Ungegeuza.” Sikujua kama ni utani. Alisimama akaingia ndani, nami nikamfuata mpaka mlangoni, nikiwa nimeshapanga nguo zangu kichwani mwangu.

Bibi alimshika mwanawe uso, akampapasa mashavu. “Rajabu. Umekuja na Mama mkubwa?”

“Mama, si nilikwambia Mama mkubwa ali...” Akajikatiza. Nikaelewa kwamba naye, kwenye simu, amekuwa akifanya kama mimi. Alinigeukia. Niliutazama mkeka. Yule mtu mzima, mwenye mvi, akavua viatu akakaa chini. “Alikuwa... Mama mkubwa anapenda kula nini, Mama?”

Akaambiwa habari ya nyanya. Akaambiwa habari ya mchumba. Kisha akaambiwa jambo ambalo mimi pia sikuwa nimelisikia: kwamba alipokuwa mchanga, mama yake akiwa mgonjwa hana maziwa, Mwajuma aliacha biashara msimu mzima, akamlea yeye mgongoni huku akimtafutia maziwa nyumba kwa nyumba. “Ndiyo maana nasema akija asinikose,” Bibi alisema. “Sijamlipa mgongo wake.” Rajabu aliinamisha kichwa, hakukiinua mpaka sinia lilipoletwa. Alikaa siku tano. Siku ya kuondoka alinipa daftari langu mkononi. “Habari ya kuhama tuiache,” alisema. Kabla mwaka haujaisha alirudi mwenyewe na vifaa vyake vyote, akafungua kibanda cha ufundi pale pale barazani, na kazi yangu ikawa imekwisha kwa njia nzuri kuliko zote.

Tangu hapo nimetunza wazee wengi, Mwanga na Ujiji. Cheti sina mpaka leo. Daftari ninalo, na bado nachora kwa rula, ila lina safu moja zaidi, ya maneno yangu mimi. Na kila ninapoingia nyumba mpya, kabla sijauliza habari za dawa, namuuliza mzee mwenyewe jinsi kwao wanavyokula, na lini hawali.

Alhamisi ile ugali wangu ulishika chini kidogo. Zamani ningeumwaga nikaanza upya. Niliupakua hivyo hivyo, nikafunika sinia kwa kawa, nikapanda bajaji mpaka Ujiji. Walikuwa wameshatoka kuzika. Wanaume walijaa barazani, wanawake ukumbini, na uani mafiga yalikuwa baridi, yamefagiliwa majivu. Mama Zena, ambaye siku hizi anatembea kwa fimbo, alikuwa amekaa pembeni yake kama mlinzi. “Kuna waliotaka kuwasha,” aliniambia. “Nimewakatalia.” Alimwita Rajabu, maana alikuwa hajaweka kitu kinywani tangu alfajiri. Alikuja, nikamwambia pole kwa msiba, akasema tumeshapoa. Bangili ya mama yake ilikuwa ndani ya kiganja chake. Aliitia mfukoni, akanawa, akainua kawa, akamega, akatowea kwa migebuka ya mawese, akala taratibu mpaka tonge la tatu.

“Hukutia nyanya,” alisema.

“Mwajuma hapendi,” nikamjibu.